Nyumba Iliyokuwa Rahisi Kuliko Jirani Zake

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alikunja godoro lake na kulisukuma chini ya meza ya cherehani. Kisha alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa, kwa sababu chumba alicholala usiku ndicho mama yake alichoshonea mchana. Wateja wakiwahi, alijikuta anatafuta soksi huku mama mmoja mnene anapimwa kiuno.

Chiriku halikuwa jina lake la cheti cha kuzaliwa. Baba yake ndiye aliyempa, maana tangu binti huyo alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Alisimulia ndoto zake akiwa anapiga mswaki, povu limemjaa mdomoni. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Bonge, naye alikuwa mwembamba kama ufito. Wote wanne waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, na cherehani ilichukua nafasi ya mtu wa tano.

Jioni moja baba, aliyekuwa fundi wa breki kwenye karakana ya mabasi, alirudi nyumbani mapema. Hakuwa amenawa hata grisi mikononi.

"Mama Chiriku," alisema akiwa bado mlangoni, "hebu simamisha hiyo cherehani. Nimepata nyumba."

"Ya kupanga?"

"Ya kununua! Vyumba vinne, sakafu ya vigae, kule mtaa wa mlimani. Milioni thelathini na nne."

Cherehani ilinyamaza. Kwa miaka mingi wazazi hao walikuwa wakiweka akiba benki, kidogo kidogo, na akiba yenyewe ilikuwa imefika karibu na hapo. Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba ingemsaidia kusikia.

"Rudia," alisema.

Baba akarudia, safari hii akicheka.

Siku iliyofuata walikwenda kuiona, wote wanne. Aliyewapokea alikuwa dalali, kijana mchangamfu mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili zilizolia kwa zamu. Nyumba yenyewe ilikaa kwenye mteremko, mgongo wake umeegemea kilima. Chiriku alipoingia alisimama katikati ya sebule akageuka pole pole, mdomo wazi. Hakuwahi kuona sebule isiyo na kitanda ndani.

Lakini kilichomteka moyo ni chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha kubwa lililotazama majani ya kilima, na ndani mlikuwa na ubaridi mtamu, ingawa nje jua lilikuwa kali. Sakafu ilifunikwa kwa zulia jekundu, jipya kabisa. Vyumba vingine havikuwa na zulia.

"Hiki ndicho chako, binti," alisema dalali. "Kitanda utaweka pale. Meza ya kusomea, hapa dirishani. Kaka, njoo uone jiko!"

Wakubwa wakaenda jikoni. Chiriku akajilaza chali katikati ya chumba chake, akanyoosha mikono na miguu mpaka mwisho. Hakugusa cherehani wala ukuta. Akajigeuza, akalaza shavu kwenye zulia, na hapo akasikia.

Chini ya sakafu kitu kilikuwa kinabubujika. Haikuwa sauti ya bomba linalovuja. Ilikuwa sauti ya mfululizo, nzito, kama mtu anayemimina maji kwenye mtungi usiojaa. Chiriku akatambaa hadi pembeni, akafunua ncha ya zulia.

Vigae viwili vilikuwa vimepasuka. Katika ule mpasuko maji yalikuwa yanapanda, maangavu kiasi kwamba aliyatambua tu kwa sababu yalimeta. Punje za mchanga zilipanda nayo, zikazunguka, zikashuka, zikapanda tena. Alipotia kidole, ubaridi ulimpanda hadi kiwiko. Alisahau kupumua. Maji yalikuwa hai, ndani ya chumba chake, na hakuna aliyekuwa ameyafungua.

"Umekipenda?"

Dalali alikuwa amesimama mlangoni. Chiriku aliliachia zulia. Yule kijana aliitazama ncha iliyokunjika, akamtazama yeye, kisha akatabasamu na kuinyoosha kwa kiatu chake.

"Chumba kama hiki hakipatikani mara mbili, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Ila watu wakianza kulalamikia vijikasoro vidogo vidogo, nyumba inakwenda kwa wengine. Umenielewa?"

Chiriku alikitazama tena chumba. Alikiona kitanda pale, meza pale dirishani.

"Nimekipenda," alisema.

Siku hiyo hiyo jioni dalali alipiga simu. Kuna mteja mwingine, alisema, fedha anazo mkononi. Kama kweli wanaitaka, malipo ya kwanza yafike Jumatatu asubuhi.

"Tusiache bahati ipite," alisema baba.

"Bahati gani hii yenye haraka namna hiyo?" Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Baba Chiriku, mimi nikikuta kitambaa kinauzwa rahisi kuliko kwenye maduka mengine yote, sikimbilii pochi. Nakigeuza kwanza nitazame upande wa nyuma."

"Wewe na vitambaa vyako! Nyumba si gauni."

"Ndiyo maana hii nitaigeuza vizuri zaidi. Jumamosi nakwenda kuuliza nyumba za mtaa ule zimeuzwa kiasi gani. Chiriku, utanisindikiza."

Chiriku aliitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi walianzia dukani, chini kabisa ya mtaa. Mama alinunua sabuni ambayo hakuihitaji, kisha akauliza kama mtu anayepita tu: "Hivi ndugu yangu, ile nyumba ya geti la bluu, yenye vyumba vinne, si iliuzwa juzi juzi?"

"Mwaka huu huu. Mwenyewe alitaka milioni sabini."

"Alitaka sabini, au alilipwa sabini?"

Muuza duka akacheka. "Mama, wewe si wa mchezo! Alingojea sabini yake mpaka geti likapauka. Mwisho alichukua hamsini na nane."

Walipotoka, mama alimwinamia Chiriku. "Umesikia? Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake. Bei iliyolipwa ndiyo ya kushika kichwani."

Wakapanda. Kinyozi aliwaambia, huku akimnyoa mtu, kwamba nyumba iliyo nyuma ya kibanda chake iliuzwa arobaini na tano. "Lakini ile ina vyumba vitatu, mama. Usije ukailinganisha na za vyumba vinne, utajidanganya." Fundi seremala akawaonyesha nyingine iliyouzwa hamsini tu. Mama aliitazama, akauliza kwa nini hamsini, na seremala akanyoosha patasi kuelekea ukuta wa kando, uliokuwa na ufa mrefu toka paa hadi msingi.

Chiriku alitembea kichwa juu, macho yakimtoka. Alikuwa ameupita mtaa kama huu mara nyingi bila kuona kitu, na sasa kila nyumba ilikuwa inamwambia neno. Hii iko karibu na barabara ya lami, ndiyo maana ni ghali. Ile nyingine, gari haliwezi kuifikia. Ile pale paa lake limechoka. Hakuna bei iliyoangukia tu kutoka mbinguni. Kila moja ilikuwa na sababu zake, zimesimama pale mchana kweupe, na mama yake alizisoma moja moja kwa utulivu, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Chiriku alimtazama mama huyo wa kila siku, mwenye pini kwenye kola, akajiona hakuwa amemjua.

Mwisho walifika kwa muuguzi mstaafu, ambaye nyumba yake ilipakana na ile waliyoitaka. Zilifanana kama mapacha.

"Yangu niliinunua mwaka jana, hamsini na tano," alisema muuguzi huyo baada ya kuwakaribisha viti. "Hiyo ya jirani sijaingia tangu mzee mwenyewe ahamie kwa binti yake. Ukiitazama nje, haina kasoro. Wanaitaka kiasi gani?"

Mama alipomtajia, muuguzi aliweka kikombe chini. "Thelathini na nne? Mama, hebu angalieni vizuri."

Wakati wa kurudi mama alikuwa anaongea peke yake. "Nyumba ya kufanana nayo, ukuta kwa ukuta, hamsini na tano. Hii thelathini na nne. Tofauti milioni ishirini na moja. Fedha nyingi hivyo hazipotei tu, zimejificha mahali ndani ya nyumba ile. Wapi?" Akasimama. "Chiriku, wewe unaumwa? Leo mtaa mzima hujasema neno."

"Nimechoka tu, mama."

Huo ulikuwa uongo. Jumapili hakumaliza chakula. Bonge alimmalizia, akafurahi, akauliza kama kesho pia dada ataumwa.

Jumatatu asubuhi baba alivaa shati lake jeupe. Mama alikuwa ametafuta kasoro bila kuipata, na dalali alikuwa amepiga simu mara mbili kabla ya jua kupanda vizuri, hivyo waliamua kulipa. Baba alijitazama kwenye kioo kidogo cha wateja, akaanza kupiga mluzi. Chiriku hakuwa amewahi kumsikia baba yake akipiga mluzi. Alijaribu kukifikiria chumba, kitanda na meza ya dirishani, lakini kila alipofikiria aliona zulia.

Baba aliposhika kitasa cha mlango, Chiriku alipiga moyo konde.

"Baba, usiende! Kuna maji chini ya chumba changu!"

Akasema yote, bila kupumua: sauti, vigae, mchanga uliokuwa unacheza, dalali na kiatu chake. 

Baba aliketi kwenye kiti cha wateja. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilikitaka sana chumba, baba." Machozi yalianza kumtoka. "Nisamehe."

Baba hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alitazama mikono yake mikubwa, iliyobaki na grisi kwenye kucha hata baada ya kusuguliwa kwa brashi. "Fedha zetu zingekwenda zote," alisema taratibu. "Zote tulizonazo."

Mama ndiye aliyenyanyuka. Alimpigia muuguzi mstaafu, akapewa namba ya mzee mwenye nyumba, na saa chache baadaye familia nzima ilikuwa imesimama ndani ya kile chumba cha nyuma, pamoja na mzee mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufu, aliyewahi kuwa mpiga chapa.

"Shikamoo, mzee," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu." Mzee aliangalia chini, akakunja uso. "Hili zulia ni la nani?"

"Si lako?" aliuliza baba.

"Langu? Mimi nilimwambia yule kijana amwonyeshe kila mnunuzi sakafu ilivyo. Ndiyo maana nikashusha bei! Ina maana hakuwaambia?" Aligeuka, sauti ikitetemeka kwa hasira. "Bwana fundi, una bisibisi? Ng'oa hicho kigae."

Baba akalikunja zulia lote, akapiga magoti, akakibandua kigae kilichopasuka. Kikainuka na kipande cha zege.

 Chini yao palifunguka shimo la ukubwa wa sufuria, na ndani yake chemchemi ilikuwa inapumua. Maji yalisukuma mchanga mweupe kutoka chini, mchanga ukafunguka kama ua, ukajifunga, ukafunguka tena. Mwanga wa dirishani uliingia majini, ukatoka, ukacheza kwenye dari, juu ya vichwa vyao. Baba alisahau bisibisi mkononi. Mama alipiga magoti na gauni lake zuri, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Bonge alinong'ona, ingawa hakuna aliyemwambia anong'one: "Inaishi."

"Nilipojenga palikuwa pakavu," alisema mzee, naye sasa kwa sauti ya chini. "Halafu ukaja mwaka wa mvua kubwa. Maji yalibadili njia huko ndani ya kilima, yakaibuka chumbani mwangu. Nikamwaga zege, yakarudi. Nikamwaga tena, yakarudi. Mwisho niliacha kugombana nayo."

Baba alikwishakata tamaa, alikuwa anapangusa magoti ili waondoke. Mama akamzuia. "Tumekuja kuigeuza nguo, tumeuona upande wa nyuma. Sasa tujue kama inashoneka."

Siku mbili baadaye alikuja mhandisi, mwanamke mwenye buti za mpira na chuma kirefu chenye ncha. Alizunguka kutwa nzima akidunga ardhi, akigonga kuta, akisikiliza.

"Vyumba vitatu vya mbele vimekaa juu ya mwamba," alisema mwishoni. "Havitikisiki. Hiki cha nyuma hakifai hata kwa kuku. Kibomolewe chote, maji yachimbiwe njia mpaka mfereji wa barabara. Mkiyaziba, yatakula msingi. Mkiyaacha yapite, mtaishi nayo vizuri."

Mama akamgeukia mzee. "Basi mzee wangu, hii si nyumba ya vyumba vinne tena. Mwenzake wa vyumba vitatu, pale kwa kinyozi, aliuzwa arobaini na tano. Tutoe gharama ya kubomoa, tutoe mfereji. Na siku tukitaka kuiuza, nasi tutamwambia mnunuzi yote, naye atasita kama tulivyosita sisi. Mimi naona ishirini na nane."

Mzee aliizungusha kofia yake. Kisha akaanza kucheka. "Mama, umenipima mpaka kwenye pindo! Haya, ishirini na nane. Na yule kijana hapati hata senti. Nilimweka anisemee, yeye akaninyamazia."

Lakini baba hakushika mkono wa mzee hapo hapo. Alimwita Chiriku pembeni. "Chumba kinachobomolewa ni kile chako. Utalala na Bonge, na unajua anavyorusha mateke. Tununue, au tuache?"

Chiriku alitazama dirisha kubwa. 

"Tununue, baba."

Ukuta wa nyuma ulianguka wiki ambayo shule zilifungwa. Mafundi walivunja zege hadi kwenye udongo, wakachimba mfereji wa mawe kando ya nyumba, na mhandisi mwenyewe akaondoa jiwe la mwisho. Maji yalisita kidogo kama mgeni mlangoni. Kisha yakatoka, yakafuata mawe, yakakunja kona, yakashuka kando ya mtaa yakimeta. Muuguzi mstaafu alitoka. Muuza duka alipanda kutoka chini, kinyozi akaja na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa. Wote walisimama wakitazama kule yanakotoka.

Mama alimvuta Chiriku karibu, wakaketi juu ya rundo la matofali yaliyotoka kwenye kile chumba.

"Nataka nikwambie jambo moja, halafu sitalirudia," alisema. "Bei ilituambia kuna kitu. Hiyo ndiyo kazi ya kulinganisha: ukiona kitu kinapishana sana na vinavyofanana nacho, uliza kwa nini, na usichoke kuuliza. Mimi niliuliza mtaa mzima. Niliuliza watu nisiowajua. Kumbe jibu nilikuwa nimelishika mkono, natembea nalo."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Inua uso. Ulikitamani kitu, ukaufunika ukweli ili usikikose. Mtu mzima akifanya hivyo, anatandika zulia jekundu. Wewe ulilifunua mwenyewe, ukijua utapoteza chumba, na kwa hilo baba yako alilala usingizi siku ile. Ila mwanangu, siku nyingine usingoje mpaka mtu ashike kitasa cha mlango. Sema mapema."

"Nitasema, mama."

Baba, ambaye Chiriku hakukumbuka kumwona amekaa bure hata siku moja, alikuwa amevua viatu na kutumbukiza miguu katika chemchemi. Bonge alichuchumaa kando yake, mikono magotini.

"Baba," aliuliza, "nani anayasukuma?"

Baba alimtazama mhandisi. Mhandisi alifungua mdomo aeleze habari za mvua na mwamba, akayatazama tena maji, akaufunga. Wote wakabaki pale, wakubwa kwa wadogo, wakiangalia mchanga unavyofunguka na kujifunga.